Jina Lako Kwenye Santuri

Makongeni, Nairobi

Kwako kaka yangu Mogaka,

Nakusalimu wewe, shemeji Kerubo, na Mama. Mgongo unaendeleaje? Shemeji ameniandikia kwamba tangu utoke kambi ya chifu huwezi kuinama kuchuma chai, na kwamba majirani unawaambia ulianguka. Jameni kaka, hata hapo unanifichia aibu.

Mimi ni mzima. Mchana niko kiwandani, jioni napiga nyuzi za obokano. Santuri yangu ile, ya chifu aliyewagawia jamaa zake ploti za wazungu huko Nyansiongo, inauzwa kweli. Watu wananinunulia soda mpaka tumbo linauma. Nilikuwa najiona mtu, kumbe!

Shemeji anasema ilipigwa dukani Nyakoe siku ya soko, chifu akipita. Akasikia pale ninapoimba, "Nakusalimu Mogaka, uliyeniambia haya." Unajua kwetu wimbo wa obokano usiomsalimia mtu kwa jina huonekana mkavu. Nikasalimu nilivyozoea, kama tuko arusini Ikonge. Nilisahau kwamba arusini wanasikia majirani tu, lakini santuri inamfikia hata chifu. Askari wakakujia siku hiyo hiyo, wakakupeleka kambini, wakakupiga, na jina lako likakatwa kwenye orodha ya ploti uliyoingojea tangu wazungu waondoke.

Na uliniambia, "Ontiri, hiyo ibaki kati yetu." Nikasema, "Ndiyo, kaka."

Jumatatu napanda basi. Nitasimama mbele ya D.O., mkubwa wake chifu, niseme wimbo ni wangu na wewe hukuniambia kitu. Wakinifunga, sawa. Ploti ikirudi, pandeni mahindi mapema.

Nisalimie Mama, mwambie nimepokea maombi yake ingawa sistahili. Nisalimie shemeji, ambaye barua yake haikuwa na tusi hata moja. Afadhali angenitukana.

Kaka, nimerudi kusoma barua hii na kuna mahali nimekudanganya. Nimeandika kwamba nilisahau. Sikusahau. Fundi wa kurekodi alinisimamisha kupiga akaniuliza kama kuna jina nataka liondolewe, kwa sababu wimbo ni mkali. Langu nikaliondoa, niliogopa. Lako nikaliacha libaki, kwa sababu lilikaa vizuri kwenye nyuzi.

Ni mimi mdogo wako,
Ontiri