Chachu ya Mama Inalishwa Mara Saba

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Pokea shikamoo yangu kwanza kabla sijaanza kulalamika, maana nikianza sitarudi nyuma. Hujambo wewe, na shemeji, na watoto? Mguu wa shemeji umepona? Sisi huku tu wazima, tunashukuru, ingawa ukiniona utadhani nimetoka kuugua. Nimekuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu Mama hukaa ubavuni mwangu na kudakia kila neno.

Barua yako niliipata. Ulisema binti yako anataka kujifunza mkate wa bibi yake, ukaomba nikufungie chachu kidogo kwenye chupa na kukuandikia vipimo. Ukasema pia kwamba mimi nina moyo na Mungu atanilipa. Ahsante. Moyo ninao, dada, ila kiuno sina tena.

Ngoja nikupe habari za hiyo chachu. Unaikumbuka sheria ya Mama: hulishwa na mkono mmoja tu, mara moja kwa siku, asubuhi. Unamwaga nusu, unatia unga na maji, unakoroga, unafunika kitambaa. Mikono ikiwa ya watu wawili, chachu inasusa. Mimi na wewe hatukuruhusiwa hata kuifunua. Sasa Mama anailisha asubuhi, halafu anasahau kwamba ameilisha. Akipita jikoni akaiona, anasikitika, anasema maskini imeshinda na njaa, anailisha tena. Juzi nilihesabu mara saba. Inafura, inapanda, inamwagika rafuni, inaingia kwenye droo ya vijiko na kukauka humo kama saruji. Unga wa wiki nzima unaisha Jumanne.

Na kwa kulishwa hovyo hivyo imekuwa uji mtupu, haina ukali wala nguvu. Basi nimevunja sheria. Ninayo chupa yangu ya chachu nyuma ya sufuria kubwa, naitunza kwa kujificha kama mwizi. Yule fundi cherehani wa mlango wa pili kila wiki anausifu mkate, eti mkono wa Mama haujazeeka. Mkono wenyewe ni wangu! Mama hupokea sifa, anatabasamu, nami namwacha.

Kucheka nako kupo, nisikudanganye. Siku nyingine hanijui, ananidhani jirani, basi hunikalisha na kunisengenya kwangu mwenyewe. Eti ana kitindamimba mvivu ajabu, hajui hata kukunja shuka. Naitikia, nasema kweli kabisa, watoto wa siku hizi hawafai.

Lakini nimechoka, dada. Siyo uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Vitambaa vya meza nilivyokuwa natarizi nimewarudishia wenyewe nusunusu, kwa sababu nikiinamia sindano tu, nasikia mfuniko wa pipa la unga. Ulinishauri nimshirikishe Mama kwenye kazi ndogondogo, imfurahishe. Haya, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Nimelizunguka vya kutosha.

Alhamisi iliyopita, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nimepiga deki jikoni kwa mara ya tatu. Nikatoka kuanika tambara. Kurudi, namkuta Mama ameivumbua chupa yangu ya nyuma ya sufuria, anaitia unga konzi kwa konzi. Nilimwomba aache. Akasema mtoto hanyimwi chakula. Nikamwomba tena. Akachota konzi nyingine, na mimi nikampiga. Nilimpiga Mama, dada, mkononi, mpaka unga ukaruka ukutani. Usije ukanitetea kwamba ilikuwa bahati mbaya. Nilitaka aumie.

Aliutazama mkono wake. Mimi nikaketi palepale sakafuni penye majimaji, nikalia. Hazikupita dakika tano akaja, akainama kwa shida, na magoti yake unayajua, akaniuliza nani amenipiga. Akanifuta machozi kwa upindo wa nguo yake, na mkono ulikuwa bado mwekundu. Akasema ninyamaze, nimwonyeshe tu huyo mtu alipo, ataenda kumsema, maana mtoto wa watu hapigwi hivyo.

Yeye ameshasahau. Mimi nakumbuka kwa niaba ya wote wawili, na ninajiogopa. Kumpiga mara ya kwanza nilidhani siwezi kabisa, na niliweza. Ya pili itakuwa nyepesi zaidi.

Kwa hiyo chachu sitaituma. Njoo uichukue mwenyewe, na utakapoondoka, ondoka na Mama, hata kwa miezi mitatu. Kama haiwezekani, njoo ukae nami hapa. Usinitumie pole, wala usiniandikie tena kwamba nina moyo. Nikasirikie ukipenda, nimestahili, lakini nikasirikie ukiwa umekaa jikoni humu.

Nisalimie shemeji na watoto, na binti yako mwambie vipimo havijaandikwa popote, aje aone kwa macho. Mama anakusalimu sana. Siku hizi kila jioni husimama mlangoni akiuliza mbona hujarudi kutoka shule. Nimemwambia uko njiani. Tafadhali, dada, usinifanye mwongo.

Ni mimi mdogo wako,
Kiroboto