Upande wa Nyuma wa Kikingio

Jumatatu, 2 Novemba

Nimemaliza! Wiki tatu — kila Baba akienda hospitali, mimi kwenye meza yake ya kazi na tindo zake. Kikingio cha upanga wa Bwana Kurihashi, bamba la chuma lisilozidi kiganja, linalokaa kati ya mpini na bapa kukinga mkono. Mbele alichonga Baba kabla presha ya macho haijampofusha: bibi mchoyo wa ile hadithi, aliyemkata shomoro ulimi, amepinda chini ya tenga zito alilolichagua mwenyewe akidhani limejaa mali. Magoti yake! Unayaona yanatetemeka, na ni chuma. Nyuma palikuwa patupu. Nimechonga tenga limefunguka, mazimwi wanatoka. Tamaa mbele, mauti nyuma. Baba sijamwambia.

Alhamisi, 5 Novemba

Amejua. Alikipapasa kwa kidole gumba, mbele, kisha nyuma, mimi najifanya napara samaki. Akauliza zimwi huyu kapata wapi jino la tatu, mbona kwenye mchoro wake wa zamani yeye alimpa mawili. Nikasema labda limeota. Akacheka mpaka akakohoa. Basi. Hakusifu, hakukosoa. Ila wali alikula mabakuli mawili.

Jumapili, 8 Novemba

Bwana Kurihashi kaja kukiona. Mwalimu wa upanga, mtu asiyependa maneno mengi. Mbele alipasifu kwa adabu. Alipogeuza, akakisogeza karibu na macho. Chai ikapoa.

"Fundi," akamwambia Baba, "huku mbele umefanya kazi. Huku nyuma umecheza."

Baba akainama kushukuru. Akainama tu, hakunitaja! Nikaenda jikoni kusugua sufuria safi. Nimefurahi mpaka basi, na nimeumia. Mgeni anataka jina la fundi lichongwe, atakifuata Jumanne.

Jumanne, 10 Novemba

Bwana Kurihashi kawahi, yuko sebuleni. Baba kanishikisha tindo, kasema niandike jina, yeye haoni. Jina hukaa kando ya tundu la katikati. Mpini ukifungwa, halionekani tena. Jina lake la kazi ni Hidemori. Langu, alilonipa miaka kumi na minane iliyopita na sijawahi kulichonga popote, ni Hidenami. Nikachonga *Hide*. Kwa maandishi ya Kijapani ni herufi moja, yetu sote. Nikasita. Nikamwuliza kwa sauti ya chini, ya pili ipi?

Akaipapasa ile ya kwanza.

"Mpaka hapa ni mimi," akasema, akarudi kwa mgeni.

Naandika hapa badala ya kuchonga. Tindo nimeilaza kando ya daftari. Ng'ambo ya mlango namsikia akimwambia Bwana Kurihashi avumilie kidogo, jina bado nusu.