Farasi Aliyeacha Mbio

Mjukuu wangu Neema,

Huku Ganshoren tuko wazima, ila bibi yako bado anagombana na baridi. Unauliza utakuwa nani, sasa goti limekukataza kukimbia.

Nilipokuwa natunza farasi pembeni ya Brussels, bingwa wetu aliumia mguu, mbio zikaisha. Akaja mgeni mwenye farasi jike, anatafuta dume. Kwetu Kivu mnyama hasifiwi mbele ya mgeni, tunaogopa kijicho, basi nikasema, "Bon, anakimbia kidogo tu." Patron, mwenye farasi, akanitolea macho. Mgeni akacheka: "Mbio nilishaziona. Anatulia akiguswa?" Nikampa kamba. Farasi akaegemeza kichwa begani mwake.

Mwaka uliofuata mgeni yule aliniita nimwone mtoto wa bingwa wetu: bado amelowa, miguu inatetemeka, na tayari anataka kukimbia.

Neema, watoto wa mtaa wenu, nani anawafundisha mbio?

Babu yako