Shangazi, Siku Ulipopanda Treni Mwenyewe

Mwaka umetimia tangu ututoke, Shangazi, na jirani yetu kinyozi bado anawahadithia wateja wake kwamba treni ya mjini ilikupigia magoti. Anaapa kabisa. Na eti kitambi chake ndicho kilichoishusha.

Kweli alikuwepo. Treni zilikuwa mpya, hazijaanza kubeba abiria, na fundi wa reli alikuita ujaribu kupanda na kiti chako cha magurudumu. Behewa likiwa tupu, sakafu yake ilikuwa juu kuliko jukwaa la kituo, kimo cha kidole tu, lakini magurudumu yako ya mbele yakakwama. Fundi akasema watu wakijaa, linashuka. Ukatuita mtaa mzima: "Wanene mbele! Leo ndiyo faida yenu!" Tukajazana, sakafu ikashuka, ukaingia. Vigelegele!

Wewe hukucheka. "Sasa fundi, nikitaka kwenda sokoni nitembee na kitambi cha kinyozi?"

Fundi akajikuna kichwa. "Mama, nipe muda."

Maisha yako yote ulipanda gari kwa kubebwa. Nilikubeba mimi, alikubeba baba, walikubeba makondakta usiowajua, nawe kila mara ukivuta gauni lifunike magoti. Nyumbani ulishona sare za nusu ya watoto wa mtaa, na wasio na kitu uliwashonea bure. Barabarani ukawa mzigo. "Mimi si gunia," ulikuwa ukisema polepole, kama unajiambia.

Fundi alipotuita tena, ameshalirekebisha behewa, nalo lilikuwa tupu. Likasimama, likatoa pumzi, fuuu, na sakafu ikashuka yenyewe taratibu mpaka ikalala sawa na jukwaa. Kinyozi akakitazama kitambi chake. Ukasukuma magurudumu kwa mikono yako, ukapita kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni. Nikanyoosha mkono kwa mazoea. Hapakuwa na cha kushika. Mlango ukajifunga. Ukaenda hadi mwisho wa reli bila sisi, na mimi nikabaki pale kituoni.

Uliporudi macho yalikuwa mekundu, na unatabasamu. Nikauliza, "Shangazi, kulikuwaje huko peke yako?"

"Ngoja kwanza, mwanangu."

Unakumbukwa na kaka yako, ambaye ni baba yangu. Na wifi yako. Na sisi watoto wa kaka yako, wote uliotulea. Mioyoni mwetu hutoki, leo wala kesho.

Nami bado nangoja, Shangazi. Njoo hata ndotoni, uniambie kulikuwaje.