Gambuti za Kiponda

Jumatatu, Mei 6, 1985

Mvua tena. Sandali za kike namba tano hazipo kwenye kamba ya mlangoni. Sikuziuza! Na nani analala barazani mwangu? Kiponda. Ati alikuwa mchukuzi wa sokoni, chumba alichopanga kikabomoka. Jua na mvua yumo ndani ya gambuti, yale mabuti ya mpira, hata akilala. Mtu gani hulala na gambuti? Kuna kitu mle.

Mimi nilianza kushona viatu chini ya ngazi za watu. Hakuna aliyeniazima baraza.

Jumanne, Mei 7

Nimemwita mwizi, nikamwambia avue nione sandali. Amekataa! “Bwana Awadh, nikizivua leo, kesho nitazikuta wapi?” Anaogopa wezi — yeye!

Nikamwita mke wangu aone. Mwanamina akarudi ameziba pua kwa ushungi. Anasema ile si harufu ya ngozi ya dukani, ni mguu wa mtu unaoza. Mwanamina ni mwepesi wa huruma. Kwani mwizi hapati vidonda?

Alhamisi, Mei 9

Leo Kiponda hakuweza kusimama. Nikatoa kisu cha ngozi, akapiga ukelele: “Usikate! Nitavaa nini?” Basi tukavuta. Mwanamina kashika mabega, mimi visigino. Maji yakamwagika. Ndani — vipande vya mfuko wa saruji alivyojifungia miguu kama soksi, basi. Sandali hamna.

Vidole vyeupe kama muhogo uliorowekwa, ngozi nyingine imebaki ndani ya gambuti. Mguu wa namba saba, wa kushoto sasa hauingii hata tisa. Nimepima miguu mingi mji huu, huo sijauona.

Kumbe waliwahi kumwibia viatu akiwa usingizini. Tangu hapo havui.

Tukampeleka dispensari kwa mkokoteni. Dresa, yule mfunga vidonda, anasema maji ya vuguvugu na chumvi, kukausha kila katikati ya vidole, kisha kuacha wazi vipate hewa. Akirudi kwenye gambuti mbichi, kidole kidogo kitakatwa, na huenda kisiwe kidole tu. Mchukuzi asiye na mguu atakula nini?

Ijumaa, Mei 10

Jua! Nataka kuanika gambuti, Kiponda hataki kuziachia. Mimi, fundi wa viatu, niibe gambuti zilizotoboka?

“Si wewe uliyeniita mwizi?” akasema. “Mimi nami sikujui.”

Mwanamina kacheka mpaka ushungi ukamwanguka. “Mume wangu, mwekee rehani.”

Basi viatu vyangu vya ngozi, vya Ijumaa, nilivyojishonea mwenyewe, viko chini ya kichwa chake! Amelala, miguu juu ya gunia, vidole wazi. Safi, vikavu — nimevifuta mimi.

Kumeadhiniwa. Wapitao wananitazama niko peku kwenye duka la viatu. Ningeweza kuvaa vingine nikaenda kuswali. Lakini nikiondoka, akiamka akatoweka na vile vya rehani? Na gambuti nilizoziegemeza ukutani juani hazijakauka bado.

Kafumbua jicho moja. Hanitazami mimi — anatazama ukutani, kama gambuti zipo. Nami natazama chini ya kichwa chake.