Jezi Niliyomzika Nayo Mume Wangu

Mpendwa Bi. Adele,

Sijawahi kuandikia gazeti, na mume wangu angekuwa hai angenicheka, lakini naomba unisaidie, maana watu ambao ningewauliza ndio hao hao walionuna, na nakuomba unisome hadi mwisho hata kama jambo lenyewe utaliona la kijinga, kwa sababu ni habari ya jezi.

Mume wangu Norbert alifariki Novemba, moyo ulisimama akiwa anazoa majani makavu uani, na kama wanaume wengi wa huku kando ya Ziwa Erie alikuwa mtu wa mpira, huu wetu wa Kimarekani wa kuvaa helmeti, ila miguu yake ilikuwa imeharibika kiwandani hivyo uwanjani hakwenda tena, alitazama nyumbani na mimi nikiwa kwenye kiti cha pembeni nafuma. Mdogo wake, Clem, ndiye aliyekuwa na tiketi ya msimu, yeye Jumapili zote za mechi za nyumbani yuko uwanjani, na za ugenini yuko baa.

Siku yao kubwa ilikuwa moja kila Aprili, siku timu zote zinapochagua kwa zamu vijana wapya kutoka vyuoni, na siku hiyo Clem na rafiki yao Otis waliyefanya naye kazi zamani walikuja kwenye gereji yetu, gari likatolewa nje, televisheni ikawekwa juu ya friji ya bia, na katikati ikawekwa helmeti ya zamani iliyopasuka. Kila mmoja aliandika kwenye kikaratasi jina la kijana anayetaka timu yetu imchukue, akakitumbukiza humo, na vikaratasi havikufunguliwa mpaka timu itangaze. Mimi nilipika pierogi, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, nikapeleka sahani, nikarudi jikoni. Miaka yote hiyo nilipeleka sahani nikarudi jikoni, Bi. Adele, na hilo nalo linaniuma.

Mwaka ninaotaka kukueleza ni ule tuliokuwa hatuna mdakaji wa pembeni, yule anayekimbia mbali kabisa na kudaka mpira anaorushiwa, na huku kila mtu alikuwa na mdakaji wake anayetaka achukuliwe, hata padri. Nilipofika na sahani niliwakuta wamesimama.

“Tunataka mtu mrefu!” Clem alikuwa anapiga kelele. “Huyu Pruitt anakimbia kama ameiba kitu!”

“Anakimbia, sawa, lakini anadaka?” Norbert akasema. “Huyo hata ukimpa mkate mkononi atauangusha. Tumchukue Sandoval.”

“Sandoval! Kaka, yule hata friji hii hafikii bila kigoda.”

“Mpira hauwekwi juu ya friji, Clem.”

Otis akasema, “Wazee, mimi nataka mtu wa kumkinga mrushaji wetu. Anapigwa kila wiki kama zulia.”

“Kaa kimya, Otis, unasema hivyo kila mwaka.”

“Na kila mwaka anapigwa!”

Nikaacha sahani nikaondoka. Baadaye nikasikia Clem anashangilia hadi akaangusha ngazi, nikajua kijana wake ndiye aliyechukuliwa. Baada ya wiki chache jezi ikaja kwa posta, namba kumi na tisa, imefungwa utepe kama zawadi ya Krismasi, na kikadi cha Clem ndani, Norbert akaivaa mimi nikaona ni mdogo mtu amemkumbuka kaka yake. Msimu ule kila Jumapili alijipiga picha akiwa ameivaa na kumtumia Clem, amekunja sura kama mtoto anayenyweshwa dawa, nikadhani ni utani wao, wana utani mwingi. Baadaye picha ziliisha, jezi ikabaki. Kabatini alikuwa na jezi nyingine mbili za wachezaji aliowapenda tangu ujana, hakuzigusa. Kila Jumapili ni ile. Jina la mgongoni lilipoanza kubanduka nililishona kwa mkono wangu, herufi moja moja, na hata siku moja sikuuliza huyu Pruitt ndiye yupi kati ya wale waliokuwa wakigombewa gereji, majina yalikuwa yameshanitoka.

Nayakumbuka mambo madogo tu. Kuna Jumapili kijana huyo aliangusha mpira uliomfika kifuani akiwa peke yake, uwanja mzima ukamzomea, Norbert akachukua rimoti akaondoa sauti, akasema, “Na mama yake amekaa humo humo anasikia,” tukatazama mchezo uliobaki kimya kimya, mimi na sindano zangu. Na kuna jioni aliingia jikoni akaniambia, “Wamemwacha.” Nikauliza, “Nani?” Akagusa kifua chake, penye namba. Nikamwambia, “Pole, kumbe ulimpenda hivyo.” Akasema, “Sikumtaka hata siku moja. Nilitaka adake tu.” Sikumwelewa, nikamwongezea krimu kwenye sahani. Pale ningeuliza, Bi. Adele. Mwenyewe alikuwa ameshafungua mdomo.

Alipofariki, msimamizi wa mazishi akaniuliza mzee alipenda kuvaa nini, na huku kwetu si ajabu mtu kuzikwa na jezi, basi sikufikiri, nilikwenda nikatoa ile iliyokuwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha kufulia, nikaifua, nikaigeuza nikaipiga pasi kwa ndani ili namba isiyeyuke, nikampelekea. Siku ya kuaga Clem alisimama mbele ya jeneza, nikaona masikio yake yanakuwa mekundu. Akanivuta kwenye korido penye kahawa.

“Shemeji, ile ni jezi ya nani?”

“Ya Norbert.”

“Ya Pruitt, shemeji! Ya Pruitt! Ile ni adhabu. Mimi ndiye niliyempa, na wewe unamzika nayo!”

Nyuma yetu binamu yao mmoja akacheka, akasema, “Norbert kakushinda, Clem, hadi kaburini anakukumbusha,” na Clem akachukua koti lake akatoka. Kesho yake hakuja kubeba jeneza. Nafasi yake aliishika mtoto wa Otis.

Otis ndiye aliyenieleza baada ya mazishi. Kumbe nilipowaachia sahani siku ile Norbert na Clem waliwekeana dau, ambaye kijana wake hatachaguliwa avae jezi ya kijana wa mwenzake kila Jumapili, msimu mmoja, hadi mchezo wa mwisho, na picha zile zilikuwa ushahidi. Na kumbe Norbert ndiye aliyekuwa sahihi, yule Sandoval alikwenda mji mwingine na huko anadaka kila kitu, na Clem amechekwa kwa ajili ya Pruitt baa zote za mji huu. Sasa nimemvisha mtu aliyekuwa sahihi nguo ya aliyeshindwa, nimeifukia, na siwezi kuibadilisha.

Tangu siku ile Clem hajanipigia, nami sijampigia, nangoja hasira zake zipoe. Januari theluji ilianguka sana, niliamka nikakuta njia ya mlangoni kwangu imeshafagiliwa, nikadhani ni Otis, akasema si yeye. Wiki iliyopita Otis alinipigia akasema, “Dada, gereji itafunguliwa? Mwaka huu tena tunahitaji mdakaji, watu wanagombana hadi kwenye foleni ya bucha. Clem anasema hakanyagi huko. Halafu karatasi ya Norbert nani atatumbukiza?” Nilitaka kusema mimi, lakini ningeandika jina gani? Jirani anaitaka friji, nami nimekaribia kumpa.

Nifungue au nifunge? Na Clem nimwombe radhi kwa maneno gani, mtu ambaye nilimharibia kumuaga kaka yake?

Mimi,
Mjane Mwenye Gereji

*

Mpendwa Mjane,

Pole sana kwa kumpoteza Norbert. Ningependa kukaa naye gereji siku moja, ingawa mimi ningekuwa upande wa Otis.

Sasa nikugombeze kidogo. Umeandika barua nzuri, ukaifunga bila kuisoma. Isome tena, nitakuonyesha pa kusimama. Dau lilikuwa la msimu mmoja. Otis amesema, na Norbert alilipa dau hilo Jumapili hadi Jumapili, na sura yake iliyokunjwa, hadi mchezo wa mwisho. Picha zikaisha. Deni limekwisha, mama. Septemba iliyofuata, msimu mpya ulipoanza, nani alimvisha? Clem alikuwa uwanjani, hakuona. Otis hakuona. Kabatini zilikuwepo jezi nyingine mbili za wachezaji aliowapenda, na mkono wake ukaenda kwenye ile ile. Akaivaa kijana alipokuwa anaangusha mipira, akaivaa kijana alipofukuzwa kazi, akaivaa hadi herufi zikaanza kudondoka na wewe ukazishona.

Sikumjua mume wako na sitajifanya najua yaliyokuwa moyoni mwake. Lakini maneno yake umeniletea mwenyewe: “Nilitaka adake tu.” Huyo si mtu anayetumikia adhabu. Huyo ni mtu aliyeanza kumkataa mtoto wa watu na akaishia kumwombea, na kwa kuwa alikuwa na mdogo mwenye mdomo kama wa Clem, hakuthubutu kusema hivyo gereji. Alisema jikoni. Alikuambia wewe.

Kwa hiyo liache hilo neno adhabu, ni la Clem, si lako. Wewe ulimzika mume wako na nguo aliyoichagua mwenyewe kila Jumapili. Ulimjua kuliko walivyomjua wote waliokuwa wakipiga kelele kule gereji.

Kwamba hukuuliza, ndiyo, hukuuliza. Litakuuma, na sina dawa yake. Wengi wetu tuliofiwa tuna swali letu moja la namna hiyo, mimi nina langu. Lakini hili la kukaa tangu Novemba bila kuinua simu, ukingoja mwenye kidonda aje akuombe bandeji, hilo nakulaumu. Clem hana hasira na wewe. Anaamini utani wake wa mwisho na kaka yake uko chini ya ardhi na hawezi kuutoa. Hajui habari ya misimu iliyofuata. Hakuna anayeijua ila wewe, na umeikalia.

Na ile theluji, unadhani ilifagiliwa na nani, mhariri wangu? Sina ushahidi. Ila kuna watu wasioweza kubisha hodi lakini koleo la theluji wanalijua.

Na wewe Clem, najua unasoma ukurasa huu ukishamaliza ule wa michezo: mtu mzima hakosi kulibeba jeneza la kaka yake kwa sababu ya jezi. Hilo utalijibu mwenyewe. Lakini shemeji yako akigonga, fungua.

Haya, Mjane, fanya hivi. Usipige simu, simu inakatwa. Pika pierogi, zile zile, uende kwake mchana. Usiombe radhi kwa ajili ya jezi, maana hukukosea. Mwambie kwamba Norbert aliivaa hadi Jumapili yake ya mwisho. Mwambie habari ya sauti aliyoiondoa kwenye televisheni. Mpe yale maneno ya jikoni kama yalivyo, usiyapambe. Kisha geukia dirishani, utazame barabara, umwache ajifute uso. Akikufukuza, acha sahani mezani urudi nyumbani. Sahani atairudisha.

Friji usimpe mtu. Gereji fungua, aje Clem asije Clem. Na siku hiyo ukishapeleka chakula usirudi jikoni, vuta kiti ukae. Ukichoka, fuma huko huko.

Karatasi ya Norbert usiiandike. Andika yako. Usijaribu kukisia angemtaka nani. Mwombe Otis akutajie wadakaji watatu, uwatazame wakicheza, umchague unayemtaka wewe, hata kama ni kwa sababu anafanana na mpwa wako. Unasema hujui kitu? Mama, hao wanaume wamekuwa wakikosea kwa sauti kubwa kila Aprili kwa miaka mingi, na hakuna aliyewafukuza.

Clem akikuwekea dau, kubali. Na ukishindwa, vaa jezi. Msimu mzima, kila Jumapili, na picha umtumie.

Bi. Adele