Kitoweo Ulichojinyima

Wodini, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai mgongo umetulia na mpunga umesimama vizuri. Shamte, mdogo wangu, msomee mama taratibu, na pale nilipokusema usiruke.

Mimi sijambo, tena safari hii sijambo ya kweli. Siku ile stendi ya Kibiti ulinishika mkono ukaninong'oneza: "Somoe, chenye damu usikitie mdomoni. Ukila nyama au samaki, ule uvimbe utashiba."

Nikakutii. Baada ya upasuaji, kila mchana kitoweo changu nilimsogezea Mama Rehema wa kitanda cha pili, nami nikala ugali na majani. Mama Rehema akanawiri, mimi kanga ikawa hainikai kiunoni. Ilipofika zamu ya dripu ya tatu ya dawa ya saratani, wakanipima, wakanirudisha kitandani. Damu imeshuka, askari wa mwili wamepungua, dawa kali kama ile haitiwi. Nililia, mama. Niliona dripu zikikatika, uvimbe ukirudi, na mwanangu Tatu akikua bila mama.

"Kitoweo unampa nani, wewe Mrufiji?" nesi akauliza. Mama Rehema kainama, mfupa bado anao mkononi! Jamani, tulicheka na machozi usoni.

Daktari akanieleza kwamba samaki hatibu saratani ya ovari, dawa ndiyo inayopigana nayo, ila mwili wenye njaa hauihimili. Nikijinyima, anayedhoofika ni mimi, si uvimbe.

Basi nimekula. Kambale, dagaa, maini. Tonge la kwanza nilimeza nimefumba macho, nikiona umenisimamia. Damu ikapanda, na jana nimetiwa dripu yangu.

Sasa hili ndilo lililonishikisha kalamu. Shamte kaniandikia kwamba tangu niondoke nawe samaki hujamgusa, eti usiniache peke yangu na mwiko. Mama! Samaki wa Nyamisati wanapita mlangoni, wewe unakula mlenda mtupu kwa ajili yangu!

Msalimie mume wangu, mwambie ule uhaba wa sabuni umekwisha, siku hizi imejaa kila duka, asihangaike kunitumia. Shangazi msuka mikeka naye nampa salamu, na Tatu umbusu.

Mwiko nimeuvunja, mama, nawe uvunje. Shamte akimaliza kusoma akukaangie samaki, ule mbele yake, kisha aniandikie umebakisha nini.

Mwanao anayekula,
Somoe